Mama Adelina, Nilisema Nimewasamehe

Mpendwa Mama Adelina,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kule Kagondo. Nimekaa chumba chako cha mbele hapa Hamugembe, cherehani nimeisogeza pembeni ili nipate nafasi ya karatasi. Mchungaji ameniomba niandike ninayoyakumbuka juu ya kazi yako, yasomwe kwa wazee wa usharika, maana wapo wanaouliza kama kuna haja ya kuendelea kuwafuata vijana wanaotoka kituo cha yatima. Wanasema watoto wale wana ndugu zao, na ndugu akishakuja kumchukua mtoto, kanisa limemaliza. Nilikubali kuandika. Lakini nilipoanza nikaona siwezi kuwaandikia wazee kabla sijakuandikia wewe, kwa sababu lipo jambo nililokuficha mpaka ukafumba macho.

Nianze mbali kidogo, Mama, ili hata atakayeisoma barua hii bila kutujua asipotee.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na miaka miwili ya kushona, na kituo hakikuwa na nafasi tena ya msichana mkubwa. Wewe ulikuwa mama wa diakonia, mjane, na kazi uliyopewa na kanisa ilikuwa kututoa sisi nje ya geti na kuona tumefika wapi. Jumamosi ulituleta hapa nyumbani kwako wawili wawili. Kituoni chakula kilitoka kwenye sufuria moja ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyejua kupikia watu watatu. Mara ya kwanza nilipopika maharage yako, chumvi yake ingetosha bweni zima, nawe ukala, ukanywa maji, ukala tena. Ulitufundisha kumenya ndizi bila kutupa nusu yake pamoja na ganda. Ulitufundisha kupiga magoti na kuwaamkia wakubwa kwa Kihaya, maana sisi tulilelewa kwa Kiswahili na Kihaya chetu kilikuwa cha kuokoteza. Ukatuambia kwamba nje hakuna kengele. Nilicheka siku hiyo. Sikujua ulikuwa unasema kwamba hakuna atakayetuamsha, wala atakayegundua kwamba hatujaamka.

Baba mdogo Gratiani alikuja kituoni siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha tangu asubuhi. Faili langu lilisema nililetwa nikiwa na miaka mitatu na mpita njia, kwamba baba na mama walikuwa wamefariki na sikuwa na ndugu yeyote. Na sasa amekuja mtu mwenye pua yangu, anasema baba yangu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alikuwa balozi wa nyumba kumi kijijini kwao Muleba, na alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye mhuri. Mlezi mkuu alifurahi sana. Wewe peke yako ndiye uliyemwuliza maswali. Ulimwuliza miaka yote alikuwa wapi, na ni nani aliyesema mtoto hana ndugu. Akajibu kwamba siku zile mambo yalikuwa magumu. Ukamwuliza kwa nini amekuja sasa. Akasema nyumbani wananihitaji.

Baadaye uliniambia jambo moja lililokukaa moyoni, kwamba muda wote ule hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ninakanyaga chini kweli.

Hukuwa na uwezo wa kumzuia. Uliniuliza kama nataka kwenda, nikasema nataka. Nilitaka mno, Mama. Msichana ambaye faili lake limeandikwa hana ndugu hawezi kuanza kuchagua ndugu. Ukanipa blanketi, jembe jipya na Biblia kama ulivyowapa wote, ukaandika jina langu, la kijiji na la baba mdogo kwenye daftari lako, halafu ukanivuta kando, nyuma ya stoo ya kuni. Ukasema barua zangu zitasomwa na watu wengine kabla hazijafika kwako. Nikiwa na amani niandike habari za kawaida tu. "Ukikosa amani," ulisema, "omba sabuni." Miaka ile sabuni ilikuwa haionekani madukani. Nani angeshangaa mtu akiomba sabuni?

Tulipanda basi la Muleba. Baba mdogo alikaa kiti cha mbele, mimi nyuma, ingawa kando yake palikuwa wazi. Tuliposhuka tukaanza kupanda njia ya migombani, na nilisimama ili apite mbele aniongoze. Naye akasimama. Nikasogea kando, akasogea. Mwisho akanionyesha kwa mkono niendelee, na njia yote ile nilitembea mbele ya mtu mzima kuelekea nyumba nisiyoijua, nikisikia hatua zake nyuma yangu, hazikaribii, haziachi nafasi.

Nyumbani walikuwa wametandaza nyasi mpya sakafuni kama wanaotegemea mgeni wa heshima. Mkewe, mama mdogo Leonia, alitoka nje. Nilipiga magoti kama ulivyonifundisha. Kabla sijafungua kinywa na yeye alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mwanamke wa miaka thelathini na zaidi, ameinamisha kichwa. Tulibaki hivyo, hakuna aliyejua nani aanze kuamkia. Aliyetuokoa ni Felista, binti yao wa miaka minne, ambaye alikuja mbio akashika sketi yangu na kuniuliza kama nimemletea pipi. Katika nyumba ile yeye ndiye pekee aliyenigusa.

Siku za kwanza nilidhani ni mapenzi. Nilipewa chakula kwanza. Kama kulikuwa na samaki, nilipewa mgongo. Hakuna aliyetia mkono kwenye ndizi mpaka nimemeza tonge la kwanza, nao wote walikuwa wakiniangalia kooni. Siku za kazi ya shamba la ujamaa, wakati kila nyumba ilipotoa mtu kwenda kulima kule rweya, kwenye nyika nje ya migomba, nilichukua jembe langu jipya, baba mdogo akalichukua mikononi mwangu polepole na kulirudisha ukutani. Akasema mimi nipumzike. Nilipokwenda kisimani wanawake walikata mazungumzo na kunipisha nichote wa kwanza. Niliwaambia nitangoja zamu yangu. Hakuna aliyechota.

Siku moja bibi kizee wa jirani alinikuta nikianika nguo, nikiimba wimbo wa kanisani. Akasimama akasikiliza. Akasema nina sauti ya mama yangu Paulina. Nilifurahi, hakuna aliyewahi kuniambia nina chochote cha mama. Akaendelea, kama anayejisemea, kwamba ilikuwa sauti nzuri na waliisikia mpaka siku ya mwisho. Nikamwuliza siku ya mwisho ya nini. Bibi akaokota mtungi wake akaondoka, na tangu siku ile alipita njia ya chini.

Nililifikiria neno lile usiku na mchana. Waliisikia. Ina maana alikuwa akiita.

Jumamosi ya pili baba mdogo aliniambia nivae gauni langu safi. Tulikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kona ya kibanja, shamba la migomba la nyumba ile, ambako wamezikwa watu wa ukoo. Palikuwa na makaburi mawili madogo yenye udongo ambao bado haujashikana. Ya wavulana wawili wa mama mdogo, waliofariki mmoja baada ya mwingine mwaka ule. Kando yake, katikati ya migomba iliyopandwa juu yake kabisa, akanionyesha kaburi la baba yangu. Kaburi la mama sikuonyeshwa. Walikuwapo wanaume wanne wa ukoo, na mama mdogo amesimama nyuma yao na Felista mgongoni. Baba mdogo akaniambia nikae chini, nikakaa.

"Sema umetusamehe," akasema.

Nikamwuliza niwasamehe nini. Migomba ilikuwa imetulia, hakuna jani lililotikisika. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuomba, mtu mzima, balozi, amesimama mbele ya msichana aliyekaa kwenye udongo. Ndipo nikaelewa. Hawakunichukua kwa sababu wananipenda. Walikuwa wameambiwa na mganga, kama nilivyokuja kusikia baadaye, kwamba vifo vya watoto wao vinatoka kwa wazazi wangu, na kwamba mimi ndiye mlango wa kupitia. Nyasi mpya, mgongo wa samaki, kupigiwa magoti, vyote hivyo vilikuwa woga.

Nilisema nimewasamehe. Nilisema kwa sauti, wanaume wakaitikia, baba mdogo akashusha pumzi.

Sasa nakuambia nililokuficha, Mama. Midomo yangu ilisema vile. Moyoni nilisema jambo jingine. Nilisema: na wabaki bila mtoto hata mmoja, waite na wasisikilizwe. Niliyasema maneno hayo kwa utulivu kama ninavyosema Baba Yetu, na nilikuwa namtazama Felista, ambaye alikuwa akinipungia mkono kutoka mgongoni mwa mama yake.

Kesho yake Felista alikuwa na homa. Macho yakawa mekundu, akawa anakohoa, na siku ya nne upele ukatokea nyuma ya masikio na kushuka usoni. Alikuwa akiniita mimi. Nilipomkaribia, mama mdogo alisogea, lakini hakuniambia niondoke. Watu wa nyumba ile hawakunipa tena chakula cha kwanza. Walikiweka karibu na mlango na kurudi nyuma.

Niliandika barua. Nikaandika kwamba sijambo, mvua ni nzuri, watu wa huku ni wacha Mungu, na kama utaweza unitumie sabuni. Baba mdogo aliisoma yote, tena alisoma taratibu, maana alijifunzia ukubwani kwenye madarasa ya jioni. Akasema hata duka la ushirika halijaona sabuni tangu sijui lini. Akaikunja, akampa mwalimu aliyekuwa akienda Muleba mjini. Kisha nikaanza kungoja, bila kujua kama utaamini kwamba sabuni ile si sabuni.

Wanaume wa ukoo walirudi, wakawa wanakaa uani kuanzia saa za kurudi shamba, wakinywa lubisi, ile pombe ya ndizi. Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Baba mdogo alinieleza kwa upole kabisa kwamba mganga yuko ng'ambo ya kilima, kwamba Jumatano nitapelekwa kwake na kuku mweupe, na huko ndiko itakakojulikana marehemu wanataka nini zaidi. Nikamwuliza nitarudi lini. Akasema itategemea.

Jumanne alasiri nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, nikichambua mchicha. Nilimsikia mmoja wao akimwuliza baba mdogo kama huko kituoni kuna mtu anayewajali watoto wakishaondoka, au wakishatoka wametoka. Baba mdogo akasema, "Yupo mama mmoja. Ana daftari." Yule mwingine akauliza daftari la nini. Baba mdogo akasema jina la msichana limeandikwa humo, na la kijiji, na lake yeye. Pakawa kimya kirefu. Sijui mpaka leo kimya kile kilibeba nini, Mama, lakini nataka wazee wa usharika wasome mstari huu mara mbili kabla hawajaamua.

Jumatano, jua likiwa halijapanda sana, kuku ameshafungwa miguu, ndipo ulipotokea kwenye njia ya migombani. Viatu ulikuwa umevishika mkononi, matope yamefika magotini, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Wewe hukunikimbilia. Uliwaamkia wote, mmoja mmoja, wakubwa kwanza, ukauliza habari za kahawa na za mvua, ukaomba maji ya kunywa, ukakaa. Ukanipa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti, mbele yao. Baadaye uliniambia ulikikata kutoka kwenye mche wako wa mwisho, kwa ajili ya uwezekano kwamba nilihitaji sabuni kweli.

Ndipo ukaomba kumwona mtoto mgonjwa. Ulimfungua kinywa, ukasikiliza kifua chake kwa sikio, ukainama juu yake na kuomba, sala fupi kuliko zote nilizowahi kukusikia ukiomba. Ulipoinuka ukasema ni surua, na imeshuka kifuani.

"Mtoto huyu aende hospitali sasa hivi," ukamwambia baba mdogo. "Hayo mengine nitayasikiliza nikirudi."

Alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alieleza kama anavyoeleza kwenye mkutano wa kijiji kwamba jambo hili si la hospitali, kwamba wavulana wawili hawakufa kwa surua tu, na kwamba wewe ni mgeni. Wanaume wakasimama. Mmoja akaenda kusimama kwenye njia uliyojia. Nilikuwa nakuangalia mikono; ulikuwa umeikunja mapajani, nami nikaona kidole gumba cha mkono mmoja kinaminya kingine mpaka kimekuwa cheupe. Ulikuwa unaogopa. Sikuwahi kukuambia kwamba niliona.

Hapo mama mdogo Leonia akatoka ndani. Sikuwa nimemsikia akisema sentensi nzima tangu nifike. Alikuwa amembeba Felista. Akaja moja kwa moja mpaka ulipokaa, akakuwekea mtoto mgongoni, akachukua kanga yake na kumfunga kwako. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nimezika wawili nikikusikiliza wewe," akasema.

Akatangulia njiani. Yule mwanaume aliyesimama pale akampisha. Wewe ukafuata, na mimi nikafuata, bila blanketi, bila jembe. Tulitembea mpaka jua likawa la utosi na kupita, mkipokezana mtoto, hadi hospitali ya misheni.

Tulipumzika mara moja tu, kwenye kijito. Pale ndipo mama mdogo aliposema, akiangalia maji, hakumtazama yeyote kati yetu. Alisema baba yangu alipofariki, mama yangu alikuwa ameanza kukohoa damu. Gratiani akasema ataiambukiza nyumba nzima, akamhamishia kwenye kibanda mwisho wa kibanja. Mimi nikapelekwa mbali kwa watu wa misheni, na aliyenipeleka akaambiwa aseme yeye ni mpita njia na mimi sina ndugu. Yeye Leonia alikuwa bibi harusi, ana miezi michache katika nyumba ile. Alikatazwa kupeleka hata maji. Mama yangu aliita siku nne. Alikuwa akimwita yeye kwa jina, kwa sababu walikuwa wameanza urafiki. "Nilikuwa namenya ndizi," akasema, "nikawa nazimenya tu." Wewe ukamshika bega. Mimi sikumshika.

Felista alifariki asubuhi iliyofuata. Muuguzi alisema kama angeletwa siku tatu kabla, huenda angepona. Mama mdogo hakulia. Alinitazama, nami nikainamisha uso haraka, kwa sababu wakati ule nilikuwa na hakika kwamba muuguzi amekosea, kwamba si kifua wala siku tatu. Nilimwua mimi, kwa sentensi moja, nimekaa kwenye udongo wa baba yangu.

Wewe ulidhani naomboleza. Uliniacha pale hospitalini kwa wauguzi, ukarudi na mama mdogo na maiti ya mtoto, ukaingia tena nyumba ile, ukakaa nao siku tatu za msiba. Sijui walikuuliza nini na uliwajibu nini. Ulirudi umekonda, ukanichukua, tukaja hapa Hamugembe, na katika daftari, mbele ya jina langu, ukafuta jina la kijiji ukaandika "kwangu". Kwa miezi mingi, nilipokataa kula, ulikuwa ukiniambia ni surua, mwanangu, wewe hukufanya lolote. Kila ulipotamka hivyo nilitaka kukuambia. Hata mwaka wako wa mwisho, miguu ilipokataa na nikawa nakugeuza kitandani, uliniuliza kama nina kitu kinachonilemea. Nikasema sina. Naomba unisamehe kwa hilo, Mama. Niliogopa kwamba nawe utaanza kuniangalia miguu.

Sasa nikupe habari ambazo hukuzipata.

Baba mdogo Gratiani alifariki masika yaliyopita. Sikwenda kuzika. Miezi miwili baadaye, mchana, nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta mama mdogo Leonia ameegemea mwimo wa mlango, anatetemeka kwa homa, ana kifurushi kimoja. Hakunijua mara moja. Alisema anamtafuta yule mama mwenye daftari. Nikamwambia umefariki. Akakaa chini pale pale kizingitini, akasema basi hana pa kwenda. Watu wa ukoo walikuwa wamemwambia kwamba mwanamke asiye na mtoto hana kibanja, na wakampa mpaka mwisho wa mwezi atoke.

Nilimlaza kitandani kwako. Sijui kama nilifanya hivyo kwa huruma, au kwa sababu ndivyo ungefanya na nisingeweza kukukwepa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Siku ya tatu ya homa nilikuwa jikoni nikipakua uji, nikamwita aamke anywe. Nikamsikia akishtuka. "Nakuja, Paulina," akasema. "Nakuja sasa hivi, nilikuwa namenya ndizi." Nilipoingia alikuwa anajaribu kusimama, ameshika ukuta, macho yako wazi lakini hayanioni, na machozi yanashuka. Miaka ishirini na sita tangu aitwe, Mama. Alikuwa bado anakwenda.

Nilisimama na bakuli mkononi. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Njoo, Leonia." Akapiga hatua mbili, akaniangukia, nikamshika.

Alipopona nilimweleza nilichosema moyoni siku ile makaburini. Nilimweleza yote, tumekaa uani, yeye akichambua maharage. Hakuacha kuchambua. Kisha akaniambia jambo ambalo ningetaka ulisikie wewe kabla yangu. Felista alianza kuwaka homa siku mbili kabla ya kwenda makaburini. Yeye alijua. Aliificha, akamfunga mgongoni na kumfunika kichwa, kwa sababu alijua Gratiani akigundua, mimi nitapelekwa kwa mganga ng'ambo ya kilima. "Nilisema safari hii sitaacha mtoto wa Paulina," akasema. "Kwa hiyo nilichelewesha wangu."

Hakuomba nimsamehe, nami sikulitamka neno lile. Nimelitumia vibaya mara moja, sitaki kulirudia ovyo. Nilivuta ungo tukachambua pamoja mpaka yakaisha.

Jana amekuja mtu wa ukoo kutoka Muleba. Ni yule yule aliyesimama njiani siku ile, amezeeka, ana jicho moja lenye mtoto wa jicho. Alileta karatasi ili mama mdogo aweke dole gumba kwamba anaondoka kwenye kibanja kwa hiari yake, kwa kuwa hana mtoto. Mama mdogo aliangalia ile karatasi, akaanza kunyoosha mkono, amezoea kutii. Nikaushika mkono wake.

Nikamwambia yule mzee arudi akawaambie wenzake kwamba Leonia ana mtoto. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia, "Unazungumza naye." Alinitazama kwa muda mrefu, usoni kabisa, kwa jicho lake zima. Kisha akakunja karatasi, akasema watakuja wote Jumapili baada ya ibada, na kwamba nifikirie vizuri mpaka siku hiyo.

Mama mdogo hakulala jana. Anawajua kuliko mimi. Leo amechota maji zaidi ya tunavyohitaji, amefagia ua mara mbili, na kila mtu akipita njiani anasimama mpaka apite. Ameniuliza kama nitajuta. Nimemwambia sijui. Lakini nimemwambia wakija watatukuta wote wawili, tumekaa mlangoni.

Pumzika, Mama. Huna haja ya kuja safari hii.

Mwanao wa Hamugembe, na sasa pia binti wa Leonia,
Asimwe